Mlango wa Ngome kwa Ndani

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea naomba nikiri kosa. Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliniagiza niandike ripoti ya safari yetu ya Mombasa kwa ajili ya jarida hili. Niliiandika, kurasa mbili, tarehe zote zikiwa mahali pake. Kisha nikaichana. Ripoti ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa kitu kimoja nilichotumwa, na aliyenituma hakuwa mwalimu.

Mimi ni mzaliwa wa Shauri Moyo. Mamangu ana kibanda cha chai katika Soko la Burma, karibu na wauza nyama. Anayelijua soko hilo anajua kwamba halihitaji saa. Kukipambazuka tu, shoka linalia juu ya gogo, ko! ko! ko!, wasukuma mikokoteni wanaanza kugombania njia, na harufu ya supu ya kichwa inakufuata hadi kitandani. Siku za likizo mimi ndiye huosha vikombe na kuwapelekea chai wauza nyama, ambao huinywa wakiwa wamesimama, mikono imejaa mafuta.

Wengi wetu huenda Burma kununua matumbo bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka mbali. Burma ni nchi ya Asia ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Katika Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1944 na 1945, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya na nchi jirani walipelekwa huko kupigana na Wajapani. Waliorudi walirudi na jina hilo mdomoni, nalo likabaki hapa mtaani. Kariokor nayo ni vivyo hivyo. Jina lake ni la wapagazi wa Carrier Corps, waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kwa hiyo sisi watu wa Eastlands tunaishi ndani ya majina ya vita, ingawa hatuna hata jiwe moja la ngome la kuonyesha wageni.

Pale kibandani kwa mama kuna mzee ambaye hufika kila asubuhi, akakalia kreti la soda, akaagiza chai ya rangi yenye tangawizi. Watu humwita Babu wa Pwani. Alizaliwa Mombasa, akaja Nairobi akiwa kijana kufanya kazi ya reli, na mpaka leo Kiswahili chake hakijachafuka kama chetu. Mimi nikisema "ametoka hapo mbele kidogo" kwa lafudhi yangu ya Jogoo Road, yeye hutabasamu kama mtu aliyeumwa jino.

Siku niliyopata habari kwamba chama chetu kitazuru Fort Jesus, nilimwendea mbio.

"Babu! Tunaenda kwenu, Mombasa. Tutaingia Ngomeni. Si uje na sisi?"

Babu aliweka kikombe chini. "Mimi nilipe kiingilio niingie jela? Mjomba wangu aliingia bure."

Wauza nyama wakaangua kicheko. Mimi pia nikacheka. Kisha nikaona kwamba Babu hacheki.

Alinieleza polepole. Ngome ile ilifanywa gereza na serikali ya kikoloni mwaka 1895, ikaendelea kuwa gereza hadi mwaka 1958. Babu alipokuwa na umri wa miaka minane au tisa, mjomba wake alifungwa humo. Hakuniambia kosa lilikuwa nini. Siku ya kutoka ilipofika, Babu na mamake walikwenda kumngojea. Walifika asubuhi, wakaketi nje mpaka adhuhuri, na muda huo wote mtoto yule hakuwa na kitu kingine cha kutazama ila mlango.

"Niliutazama mpaka nikaujua kuliko mlango wa kwetu," alisema. "Lakini kwa nje, mjukuu wangu. Kwa nje tu. Basi ukifika, ingia, halafu geuka nyuma. Utazame ule mlango kwa ndani, kama alivyouona mjomba. Ukirudi unambie."

"Nitakuambia, Babu."

Ahadi ni deni, na deni langu lilianza hapo.

Hayawi hayawi huwa. Tuliondoka Nairobi alfajiri kwa reli mpya ya SGR, tukiimba tangu Mto Athi hadi sauti zilipokauka huko Tsavo. Kesho yake asubuhi tulikuwa mbele ya Fort Jesus. Nikuambie ukweli, nilishtuka. Nilizoea kuiona kwenye kitabu cha historia ikiwa ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Kumbe ni mlima wa mawe ya matumbawe, umesimama juu ya mwamba, bahari chini yake.

Aliyetutembeza alitueleza mengi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na wakaimaliza mwaka 1596. Aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, naye aliipa umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Kila pembe ina buruji linalochomoza, ili adui anayekaribia ukuta mmoja apigwe risasi kutoka ukuta mwingine. Tulisikia habari za Sultani Yusuf bin Hasan, aliyeinyakua ngome kutoka kwa Wareno mwaka 1631. Tulisikia habari za mazingira ya Waomani yaliyoanza Machi 1696, ambapo watu waliokuwa ndani waliteketea kwa njaa na maradhi mpaka ngome ikaanguka Desemba 1698. Kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome hiyo ilitwaliwa na kupotezwa mara tisa. Tuliona vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Tuliona na michoro ya merikebu ambayo mabaharia Wareno waliichora ukutani, labda kwa kuchoka kungoja.

Yote hayo niliyaandika daftarini. Lakini msomaji, kilichonipendeza zaidi hakikuwa historia. Kilikuwa kukaa. Nilipata mahali penye kivuli juu ya ukuta, upepo unavuma, nikakaa na wenzangu karibu nusu saa bila mtu kutuuliza tunanunua nini. Kwa mtoto wa Nairobi hiyo ni ajabu. Huku kwetu ukitaka kukaa mahali ununue soda, na soda ikiisha utaambiwa uinuke. Nilitazama mashua zikipita na nikawaza: ukuta huu ulijengwa kwa ajili ya kuwazuia watu, na leo sisi tumeukalia tunakula njugu!

Ghafla kipenga kikalia. Basi lilikuwa linangoja. Tukakimbia, tukatoka kupitia mlango ule ule, nami nikatoka bila kugeuka nyuma.

Nilikumbuka tukiwa kwenye treni, karibu na Voi. Moyo ulinipiga paa! Lakini nikajituliza, nikajiambia kwamba mlango ni mlango, na mzee ni mzee. Atajuaje?

Jumamosi Babu alikuwa ameketi kwenye kreti lake mapema kuliko kawaida. Nilimsimulia habari za Wareno na Waomani, naye alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Na mlango?"

"Niliuona, Babu. Ni mkubwa sana, wa mbao nzito. Ukiusimamia mbele unajiona mdogo kabisa."

Alinitazama kwa muda. Shoka lililia juu ya gogo mara mbili tatu.

"Hiyo ni ya nje," alisema. "Ya nje naijua. Nilikuuliza ya ndani."

Hakunikemea. Alimaliza chai yake, akalipa, akaondoka. Afadhali angenichapa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mwisho wa kikombe kimoja cha chai.

Usiku ule ndipo nilipoichana ripoti. Nilijiuliza kwa nini nilipokuwa ndani niliuliza maswali juu ya mizinga, vigae na merikebu, na sikuuliza hata swali moja juu ya wafungwa. Ngome ilikuwa gereza kwa miaka 63, na mimi katika kurasa zangu mbili niliipitia miaka hiyo kwa sentensi moja. Mreno aliyekufa miaka zaidi ya 300 iliyopita nilimpa aya nzima. Mjomba wa mtu ninayempelekea chai kila siku sikumpa hata neno.

Jumatatu nilimwendea mlezi wetu, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alinipa vitabu akaniambia nisome, si juu ya vita vya ngome bali juu ya maisha ya ngome baada ya vita. Nilisoma wiki nzima, na nikajifunza mambo ambayo naona yatawafaa wenzangu.

Kwanza, Fort Jesus haikufunguka yenyewe. Wafungwa walipoondolewa mwaka 1958, mwanaakiolojia James Kirkman aliongoza kazi ya kuchimbua na kuitengeneza, kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Yaani fedha zilizosaidia kuitengeneza zilitoka katika nchi ile ile iliyoijenga ili kututawala. Baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo kazi haiishi. Mawe ya matumbawe hulika kwa chumvi na mawimbi, na kuta za zamani hutaka chokaa, si saruji, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na jiwe huoza polepole. Miaka ya karibuni imebidi ujengwe ukuta mwingine upande wa bahari, ili mawimbi yasiule mwamba ambao ngome imeusimamia. Kwa hiyo pesa za kiingilio zina kazi yake. Babu anazichekea, lakini mawe hayajitunzi.

Pili, nilisoma habari za Lamu. Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kushinda vita vya Shela. Nayo pia ikaja kuwa gereza, hadi mwaka 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Kenya. Walioitengeneza hawakuishia kuweka vitu vya kale ndani ya kabati za vioo. Waliweka maktaba. Wakaacha kumbi ambamo watu wa mji hukutana na hata kufanyia harusi. Hebu fikiri: bibi harusi anaingia akipigiwa vigelegele mahali ambapo babu yake pengine aliingia na pingu! Na mbele ya mlango kuna uwanja wa Mkunguni, ambapo wazee hukaa kivulini kuzungumza. Naona Lamu walielewa jambo kubwa. Ukitaka kulitoa gereza katika ngome, haitoshi kumtoa mfungwa. Sharti umwingize jirani.

Tatu, Unguja kuna Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hiyo nayo iliwahi kutumiwa kama gereza. Leo ndani yake kuna ukumbi wa wazi wenye viti vya mawe, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limefanyika humo mwaka baada ya mwaka. Na huko ng'ambo, katika nchi aliyotoka yule Cairati, kuna mji uitwao Lucca. Umezungukwa na kuta nene zenye maburuji ya aina ile ile, urefu wake zaidi ya kilomita 4. Katika karne ya 19 watu wa Lucca waliamua kutozibomoa. Juu yake kuna miti, na jioni wenyeji hutembea na kuendesha baiskeli pale palipokusudiwa kuwa njia ya mizinga.

Nilipomaliza kusoma niliona kwamba kila ngome iliyofufuka iliulizwa swali moja, nalo si la mafundi peke yao. Swali ni: sasa nani ataingia, na akiingia ataruhusiwa kufanya nini? Ngome ambayo mgeni huingia kupiga picha na jirani haingii imebadilisha askari wa mlangoni tu. Na ngome iliyosafishwa mpaka ikasahau wafungwa wake, hiyo imepakwa chokaa juu ya donda.

Lakini kusoma huko hakukulipa deni langu. Nilimwomba mlezi wetu anionyeshe picha alizopiga kwa simu yake. Zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa vichwa vyetu. Tulizipitia moja moja mpaka nikaiona. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia. Mimi nimesimama nacheka, nimeupa mlango mgongo. Nyuma yangu kuna giza la njia, kisha ubao wa mlango ukiwa umefunguliwa, na baada ya ubao kuna mwanga mkali wa nje. Mwalimu aliniambia niipeleke kwa picha kubwa, akanipa pesa za kuichapisha.

Jumamosi nilikwenda Burma kabla ya mama. Babu alipofika sikungoja aketi.

"Babu, nilikudanganya. Sikugeuka. Nilisahau. Naomba unisamehe."

Nikampa ile picha. Akavaa miwani. Aliitazama kwa muda mrefu hata mama akatoka kibandani kuona kuna nini. Nilidhani anautazama mlango. Kumbe kidole chake kilikuwa kimepita mlango, kimesimama pale kwenye mwanga.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo tulipokaa mimi na mama. Jua lilikuwa kali hivi hivi." Akanyamaza kidogo. "Kumbe mjomba alipotoka alikuwa akitutazama sisi. Alikuwa gizani, anaona mwanga, na sisi tumo ndani ya mwanga. Mimi siku zote hudhani hakutuona mpaka alipofika nje."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Muuza nyama mmoja, yule anayependa mzaha kuliko wote, aliacha kukata akauliza, "Babu, sasa utaenda?"

"Labda," alisema Babu. "Wakiniruhusu niingie halafu nitoke. Kutoka ndiko ninakotaka."

Picha ile sasa amebandika nyumbani kwake. Mimi naonekana mbele, na mdomo wangu uko wazi, lakini ameniambia hajali.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sisi hatuna Fort Jesus huku Eastlands. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, si kama mji wa kuta. Lakini tuna Burma. Haina lango wala kiingilio, na mzee asiye na kitu anaweza kukaa juu ya kreti asubuhi nzima kwa kikombe kimoja, akasalimiwa na mia. Huko mbali watu hutumia miaka na mamilioni ili mahali palipofungwa pafunguke. Sisi tunapo mahali palipo wazi tangu zamani, na kazi yetu ni kuhakikisha hapafungwi, na hapasahauliki. Siku soko litakapotengenezwa, natamani atakayelitengeneza aulize kwanza: Babu atakaa wapi? Watu watapata wapi kivuli na bomba la maji? Na je, patakuwa na ubao mmoja tu wa kueleza kwa nini panaitwa Burma?

Ubao huo sisi tunaweza kuuandika. Nimependekeza kwa mlezi wetu kwamba muhula ujao kila mwanachama amtafute mzee mmoja mtaani kwao, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Shauri Moyo, popote, amuulize jina la mahali pake lilitokaje, na aandike jibu kama alivyoambiwa. Mlezi amekubali. Mimi nimeshaanza na wangu.

Nawashauri kitu kimoja tu mtakapokwenda kuuliza. Mkitumwa, mkumbuke mlichotumwa. Na mkiingia popote, hata kama kipenga kimelia na basi linangoja, mgeuke nyuma mtazame mlango.